Siku Niliyoomba Mke Nikiwa Juu ya Mkaratusi

Baba yangu mdogo alikuwaga na redio ya mbao, kubwa kama banda la kuku, na pale kwetu Mugango haikuwa inashika stesheni mpaka mtu apande mti na kuvuta waya, kwa hiyo taarifa ya habari ikikaribia alikuwa anatutazama watoto mmoja mmoja, na yule anayekwepa macho ndiye anapandishwa. Mimi nilikuwaga nakwepa sana. Nikapanda mpaka nyayo zikawa ngumu kama kwato, shule nikaiachia darasa la tatu (mwalimu naye alichangia, lakini hayo tuyaache), na utotoni nikatoka na kitu kimoja tu, kile kiburi cha kuamini kwamba mti hauwezi kunifanya chochote. Nawaambia hivyo ili mkisikia aibu iliyonipata Mugeta mjue ilianzia mbali.

Ni hivi. Mwanangu Magesa alipata mchumba, binti wa Mzee Wambura wa Mugeta. Huyo Wambura tulikuwa tunajuana tangu zamani kwenye mnada wa ng'ombe Nyamuswa, mtu wa sifa, na siku hizo sifa zake zote zilikuwa za vijiti. Kuna mzungu mwindaji alimwachia vijiti vya kupandia mti, vya alumini, kila kimoja kina vidato viwili vya kukanyaga, unakifunga kwenye shina kwa mkanda, unapanda, unafunga kingine juu yake, ukifika unakotaka unajifunga mkanda mpana wa matakoni kama wa mafundi umeme, unaning'inia umekaa, unangoja nguruwe pori waje kwenye viazi. (Kibali cha kuwapiga anacho, msije mkampeleka mwenzenu kwa bwana nyama.)

"Bwire," alikuwa ananiambia, "kitu chepesi hivi hukipati Mara nzima."

Hiyo "Mara nzima" ndiyo iliniuma. Nikaenda kukata mti wa katani, ule unaoota katikati ya mkonge ukizeeka, ukauka mpaka unaubeba kwa kidole, nikatengeneza vijiti vyangu, vidato vya mpera, kamba za nyavu. Na siku ya kwenda kuomba mke, nikavichukua. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu.

Mke wangu aliviona begani akasema, "Baba Magesa, unaenda kutafuta mkwe au nguruwe?"

Nikamwambia ni zawadi. Nilidanganya.

Sasa ambaye hajaomba mke huku kwetu lazima aelewe. Anayeomba anakaa chini. Unapewa kigoda kifupi, magoti yanakufika kidevuni, wenye binti wako juu kwenye viti, na ukijikweza hata kidogo unarudi kwenu bila mke. Halafu kuna mama wa binti. Huyo akishakuwa mkwe humtazami, humgusi, mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Magesa alinishika mkono tukishuka kwenye gari: "Baba, leo usiongee sana." Mtoto alikuwa amekonda kwa mapenzi, na mjomba wa binti, ambaye neno lake ndilo la mwisho, alishakataa wachumba kabla yake.

Tukafika, mjomba bado, chakula bado, Wambura akaona mzigo wangu. Akatoa vyake. Akaleta mizani ya pamba, tukavining'iniza kwenye ndoano, vyake, vyangu, vyake tena (hakuamini), na vyangu vikawa vyepesi.

"Hata manyoya ya kuku ni mepesi," akasema Wambura. "Yanapandika?"

Ningecheka ningekaa kwenye kigoda changu. Badala yake nilivua viatu, nikavaa ule mkanda wake wa matakoni juu ya suruali ya kanisani, nikaenda kwenye mkaratusi ulio jirani na jiko nikafunga kimoja, nikafunga cha pili, cha tatu, nikapita usawa wa bati, nikazungusha kamba kwenye shina, nikakaa hewani nikiwatazama kama mwenyekiti wa kijiji. Kumbe mkaratusi ni mti unaobambuka, nami nilikuwa nimefunga juu ya gome lililokwisha kuachia. Vijiti vyangu vikateleza na gome lake, vyote, taratibu, mpaka chini. Nikajitupa kuvidaka kwa mguu, suruali ikapasuka kuanzia kiunoni mbele mpaka kiunoni nyuma, nami nikabaki naning'inia.

Hapo ndipo mjomba alipoingia na wazee, na nyuma yao akina mama na ugali, mama wa binti mbele. Akina mama waliponiona wakageuka wote kwa pamoja, wakabaki wamenipa mgongo.

Wambura akachukua vijiti vyake anifuate. Mjomba akamzuia kwa fimbo.

"Shemeji, baba wa binti unapanda kumfuata muombaji? Kwani nani anamuomba nani?"

"Amenasa, shemeji."

"Amenasa juu ya vichwa vyetu. Tangu lini muombaji anakaa juu?"

Nikasema kwa unyenyekevu wote, kutoka kule juu, kwamba mimi rohoni niko chini kabisa. Haikusaidia. Magesa alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Wazee wakateta, wakakubaliana kwamba binti asiombwe kwa kupuuzwa, ila na wageni wasifukuzwe bila kusikilizwa, kwa hiyo dawa ni moja, upande wa binti upande juu zaidi. Na mjomba, pamoja na tumbo lake, akapanda mkaratusi wa pili kwa vile vijiti vya alumini (navisifu, havikutikisika), akanipita kichwa, akakumbatia shina akafumba macho.

"Sema sasa," akasema.

Nikaomba mke. Nilitaja ukoo wetu na wazazi wangu wote huku upepo ukinipiga nyuma. Mjomba hakuuliza hata swali.

"Tumekubali. Nishusheni."

Magesa akakaa chini akalia. Ikachukua muda kumbandua mjomba, ndipo vijiti vikaletwa kwangu nikashuka, nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Mama wa binti, mwanamke wa heshima, akavua khanga yake ya juu anisitiri, na kwa kuwa hawezi kunitazama akaja kinyumenyume, mkono wa khanga nyuma, na mimi kwa kuwa siwezi kumtazama nilikuwa nimempa mgongo, nami narudi kinyumenyume kuipokea. Tukagongana migongo. Yeye akaanguka, mimi nikaanguka juu yake, ugali waliokuwa wameutua hapo ukawa chini yetu wote.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Hapo," mjomba akasema polepole, "patahitaji mbuzi wa kusafisha."

Nikasimama, nikajifunga khanga juu ya ugali, koti la suti juu yake. Magesa akaniita, Wambura akaniita, "Mkwe, njoo basi ule." Wenye bodaboda wakanifuata, nikawakatalia. Harusi nilisimuliwa, wajukuu wananijia wenyewe Mugango, na mti siupandi tena hata wa papai. Siku ile nilishika njia ya Nyamuswa kwa miguu, peku, khanga kiunoni, na Mugeta sijakanyaga tena.