Sahani Mbili za Mama Kavugho

Juzi jirani yangu alimwaga klori kwenye ngazi zetu ili kuondoa uchafu wa kuku, nami nikakasirika kabla hata sijajua nimekasirikia nini. Nilisimama pale na ndoo yangu mkononi, pua inawasha, na yule mama wa watu akaniomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda.

Ile ni harufu ya mwaka wa Ebola. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara ya Butembo kwenda Beni, upande ulio karibu na Beni, mahali ambapo watu wote walijuana na wote walikuwa na hasira. Msituhukumu haraka. Sababu tulikuwa nazo. Kwa miaka mingi watu wetu walichinjwa na waasi mashambani na hakuna aliyetuletea hata bendeji. Kisha ukaja ugonjwa mmoja, na barabara ikajaa magari ya watu wenye fulana mpya, waliokuja kutuambia kwamba adui yetu ni mikono yetu wenyewe. Tuliwaita riposte, neno la Kifaransa la kupambana na ugonjwa, wote kwa jumla, awe daktari, dereva au mfagiaji, na tulilitamka jina hilo kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Wawili kati yao waliishi uani kwetu. Paroko alikuwa amemwomba baba awape ile nyumba ndogo ya nyuma, na baba hakujua namna ya kumkatalia paroko. Mume aliitwa Kasereka, mke Kavugho. Walikuwa walimu vijana kutoka Butembo, hawajapata mtoto, na walifanya kazi ile kwa kujitolea, bila mshahara. Hilo la mshahara hakuna aliyeliamini. Muhindo, mwenye mashine ya kusagia muhogo, alikuwa akipita mbele ya kiambo chetu na kusema kwa sauti ili wasikie:

"Mutu aache kwake Butembo, akuje huku kunawisha batu mikono bure? Hapana, haiwezekane!"

Muhindo naye alikuwa na kidonda chake. Mdogo wake alizikwa ndani ya mfuko na watu waliovaa nguo nyeupe, na walipoombwa wafungue kidogo tu ili mama yake aone uso, walikataa.

Maisha ya wale wawili niliyajua kama ninavyojua sala. Asubuhi Kasereka alikoroga klori kwenye pipa la bluu kwa fimbo ndefu, akigeuza uso pembeni na kupiga chafya tatu, tatu kamili kila siku. Kavugho alitoa mabuti ya mpira yaliyokaushwa juu ya vijiti vya ua, miguu juu, na kuyakung'uta kwanza kwa sababu chura mmoja aliyapenda. Kisha waliondoka na ndoo zao zenye robine ya kufungulia maji, picha zao za mikono na popo, na kipaza sauti kilichopiga chafya kuliko Kasereka mwenyewe. Kila mlango waliofika waliweka ndoo, wakaonyesha namna ya kunawa. Walifukuzwa kwa mbwa. Ndoo zao zilipasuliwa kwa panga. Mama mmoja aliwamwagia maji yanayonuka ya kuloweka muhogo, na mnaoyajua maji yale mnajua ni matusi ya aina gani. Saa nane walirudi, wakaosha mabuti, wakawasha mbabula yao ya makaa, wakala bugali na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani moja kama mtu na mkewe.

Mimi nilimpenda Mama Kavugho. Kwenye bomba la maji, pamoja na wasichana wenzangu na mabidoni yetu ya kutekea, nilimcheka kama wote, nikaiga namna anavyotembea kwa mabuti. Lakini Jumamosi nilikaa kati ya magoti yake anisuke, akinung'unika kwamba nywele zangu zinavunja vitana, na mikono yake ilikuwa mikavu kwa klori hata ikakwaruza shingo yangu. Hakuna mtu mzima mwingine aliyeniuliza ninachofikiria.

Wakati wa likizo nilipelekwa kwa koko wangu, mama yake mama, kule Lubero kwenye baridi. Nilikaa majuma mawili. Niliporudi nilikuwa na gunia la viazi, na njia nzima nilikuwa nimetenga vitatu vikubwa, vya kumpa Mama Kavugho. Nilishuka garini, sikumsalimia hata mama yangu, nikakimbia moja kwa moja nyuma. Mama Kavugho alikuwa ameketi kizingitini. Aliponiona akaruka, akarudi nyuma hadi ukutani, akaficha mikono mgongoni.

"Simama pale pale! Hapana kuja karibu. Weka chini, wende kwenu!"

Hata asante hakusema. Niliviacha viazi mavumbini, nikaenda nyuma ya choo, nikalia hadi nikapata kwikwi. Nilipomaliza kulia nilikuwa ninamchukia.

Nikaanza kuwachungulia. Niliona kwamba haendi tena kazini; Kasereka alitoka peke yake. Niliona blanketi limekunjwa asubuhi juu ya benchi la barazani, yaani mmoja wao alilala nje. Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa chakula. Sasa kulikuwa na sahani mbili. Kasereka alipika, akapeleka sahani ya mkewe juu ya jiwe la kufulia katikati ya ua, akarudi kwake. Ndipo mkewe akaja kuichukua. Wakala wakitazamana kutoka mbali, huyu kizingitini, yule chini ya mgomba, na huku wanazungumza, wanacheka! Mimi nilikatazwa kumsogelea, nao wanacheka.

Kwetu watu wa nyumba moja hula sahani moja. Bwana na bibi wakila mbalimbali wamegombana, na majirani watakuja kuwasuluhisha. Lakini waliogombana hawacheki. Basi hawa hawakugombana. Nilivyowaza kwa akili yangu ya kisirani, jibu lilibaki moja tu: hawakuwa mtu na mkewe. Walitudanganya tangu siku ya kwanza.

Nikayasema bombani, siku ya Jumanne, kwa sauti ya mtu mwenye habari. "Bale ba kwetu hapana bwana na bibi. Hata sahani banakulaka mbili." Wasichana waliacha mabidoni yakafurika. Sijawahi kusikilizwa namna ile. Alhamisi maneno yalinirudia yakiwa yamenenepa: eti waliunganishwa na ofisi fulani ili wajifanye wanandoa, eti kazi ya mwanamke ni kuchagua nyumba itakayougua. Ningeweza kusema hapo kwamba sikusema hivyo. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa ninafurahia.

Jumapili, baada ya misa ya pili, uwanja wetu ulijaa. Watu walikuwa bado na nguo za kanisani. Muhindo alikuwa mbele. Alimwita Kasereka, naye akatoka, mkewe akasimama mlangoni kwake.

"Huyu ni bibi yako?" Muhindo aliuliza.

"Ni bibi yangu. Tulifunga ndoa ku kanisa, Butembo."

"Basi mushike mukono. Ile tu. Umushike mukono, batu baone, na siye tunarudia kwetu."

Muhindo, nadhani, alitaka kweli kumpa nafasi. Ombi lenyewe lilikuwa dogo mno. Nami nilikuwa nimepanda juu ya kinu kilichopinduliwa nione vizuri. Kasereka alimtazama mkewe. Mkewe alitikisa kichwa polepole na kuweka mikono mgongoni, vile vile alivyonifanyia mimi. Kisha Kasereka akamtazama baba yangu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wetu, mama nyuma yake akiuma ncha ya kitenge. Alimtazama kwa muda. Baba akainamisha macho akaanza kukagua viatu vyake vya misa.

"Siwezi," Kasereka alisema.

"Juu ya nini?"

"Mie siwezi kusema juu ya nini."

Jiwe la kwanza sikuona limetoka wapi. Lilimpata Mama Kavugho juu ya sikio, akapiga magoti, damu ikashuka kwenye kola ya blauzi yake. Kasereka aliruka kumkimbilia. Akapiga hatua nne, tano, na mkewe pale chini akapiga kelele:

"Kasereka, hapana! Bakia pale!"

Akasimama. Alisimama mbele yake mikono imenyooka hewani, vidole vimetanuka, wala hakumgusa. Watu wakaangua kicheko. "Munaona? Hata huruma hana! Bwana gani uyu?" Nami nilicheka, tena kwa nguvu, nikipiga makofi juu ya kinu changu. Hilo ndilo ninalolikumbuka ninapolala, kuliko hata damu.

Waliondoka kwa miguu, wakielekea Beni, na begi moja alilobeba Kasereka. Alitembea upande mmoja wa barabara, mkewe upande wa pili akiwa amejifunga kitenge kichwani, na watoto waliwasindikiza wakiwazomea hadi kwenye daraja. Pipa la bluu lilipasuliwa. Jioni ile baba hakula. Nilidhani ni tumbo.

Miaka mitano ilipita. Mama mdogo Kahindo, mdogo wa mama yangu, alikuwa amehamia Beni, mtaa wa Beu, na siku moja nikaenda kumsaidia kupukuchua maharage ya kuuza sokoni. Zamani aliishi Mangina, kwenye mashamba ya kakao. Nyumbani tulikuwa tukisema kwamba mwaka ule alilazwa Beni kwa malaria kali. Akanieleza yaliyotokea, akidhani nimekwisha kujua, kana kwamba anasimulia mvua ya jana.

Aliugua Mangina, akaogopa kupelekwa kwenye kituo cha riposte, akapanda gari akaja kwetu. Ilikuwa saa tano asubuhi, baba na mama wako shambani, mimi niko Lubero. Uani alikuwepo Mama Kavugho peke yake, anaumwa mguu, hajaenda kazini. Mama mdogo alianguka langoni. Na Mama Kavugho, aliyewafundisha watu kwa majuma mengi wasiguse, alimdaka. Mgonjwa akamtapikia mikononi na kifuani. Baadaye, alisema mama mdogo, yule mama alijicheka mwenyewe: mikono ilitangulia akili. Kasereka aliporudi aliita gari la wagonjwa lisubiri mbali, nje ya kijiji, ili majirani wasione, kisha akawasimamisha baba na mama barabarani wasiingie kabla hajasafisha ua wote kwa klori. Wazazi wangu walikwenda kuchanjwa Beni wakiaga kwamba wanaenda matanga. Na baba akawaapisha wale wawili kwa jina la Mungu: wasimwambie mtu yeyote kwamba Ebola iliingia kwake, maana nyumba ingechomwa na sisi tungetengwa.

Wakaapa. Mama Kavugho alipewa siku ishirini na moja za kusubiri kama ataugua. Siku hizo zote hakuruhusiwa kumgusa mumewe, wala mtoto aliyemletea viazi. Jumapili ile ilikuwa siku ya kumi na saba.

Niliporudi nyumbani nilimkabili mama. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kukatakata sombe.

"Weye ungependa batuchomee nyumba?" aliniuliza. "Ungelala wapi?"

Nilikuwa nikimchukia baba wiki nzima. Nilijua sasa kwamba neno lake moja lingezuia jiwe lile, na kwamba Kasereka, kwa kumtazama, alikuwa anamwomba ruhusa ya kulisema. Nilimwona ni mtu mdogo. Nilifunga mzigo wangu nikarudi Beu, nikaapa sitakula tena chakula chake.

Mama mdogo alinipokea vizuri. Akaniambia kwamba Mama Kavugho hakuugua, kwamba anafundisha Butembo, kwamba sikio lile halisikii tena, na kwamba yeye huenda kuwaona kila anapoweza. Kisha akaacha kupukuchua.

"Mie najiulizaka sana," alisema. "Siye tulificha vizuri. Nani alianzisha ile maneno ya sahani? Weye ulikuwa pale. Hukusikia ni nani?"

Alikuwa akinitazama kwa upendo, akingoja. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na hapakuwa na mtu mwenye jiwe.

"Sijui, mama mudogo," nikasema.

Lilitoka haraka. Nikainamisha macho nikaendelea na maharage. Jioni ile nilielewa kwamba baba yangu hakuwa mtu wa ajabu, na kwamba nilimaliza hasira yote juu yake ili isinibakie hata kidogo ya kunielekea mimi. Nilirudi nyumbani nikala chakula chake. Mama mdogo bado anauliza mara moja moja, na bado hajui. Nyinyi mnajua.