Shimo la Ndizi la Kalembe

Mutoto wa katekista alinisukuma ndani ya shimo la kuivishia ndizi, akageuza juu ya mulango ule muti wenye kuchongwa kama mutumbwi, wa kukamulia ndizi, akaukalia. Moshi ilikuwa bado inaingia. Niliita mama, kinywa kikajaa moshi. Yeye kule juu alikuwa anacheka:

—Iva kwanza! Ukiiva tutakukamua, utakuwa pombe ya kasiksi!

Koko, mama ya papa, njo alinitoa. Mukono wangu wa kuume ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko.

Mbele ya hapo, shimo hiyo ilikuwa furaha yangu. Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, tukikaa kwenye kilima cha Kalembe. Papa alipanga ndizi mbichi ndani, akafunika na majani, akawasha moto pembeni ili moshi ya moto iingie polepole. Akifungua, utamu ulishuka kilima mpaka kwa majirani. Sisi watoto tulipewa zenye kupasuka. Mama alikata nyasi za kukamulia huku akiimba, na pombe ikitoka ya kwanza, alitupakaza povu kwenye pua. Hata leo nikisikia harufu ile, ninamutafuta na macho.

Huyo kijana alikuwa ananipiga tangu zamani kwenye njia ya maji, kwa sababu nilikataa kumubebea kuni. Nilimuambia papa. Papa akasema:

—Mutoto wa katekista? Iko anacheza tu.

Nyuma ya mambo ya shimo, wakubwa wakakaa kukata neno. Kwetu, watoto wakiumizana wanakulishwa kwa sahani moja. Wakimaliza, neno limekufa, hakuna wa kulirudilia. Wakaleta bugali na maharagi.

—Kuleni, wanangu, katekista akasema. Ni michezo ya watoto.

Kijana akamega. Mukono wangu mimi ulikuwa umefungwa na majani ya dawa. Koko akavuta sahani.

—Hapana. Mutoto akikula hapa, kesho mutamutuma tena ku maji pamoja na yule.

—Mama, unatupatisha haya mbele ya watu, papa akasema.

—Bakia na haya yako. Mutoto, ninaenda naye.

Tulishuka na miguu mpaka Kibua, kwa kaka yake, mule mu pori. Njia yote alinitanguliza ili anione. Kule hakuna mutu aliyenigusa tena. Lakini siku ile ya kutoka, mama alibaki amesimama kwenye lupango, ule uzio wa mbuzi, na sikukomaa naye. Alipokufa, habari ilinifikia akiisha kuzikwa.

Papa amekufa, namuachia Mungu. Wewe katekista uko hai, ungali unakaa kwenye benchi ya mbele kanisani. Na mutoto wako leo ni baba ya watu, iko anakamua kasiksi pale pale Kalembe. Sitaki sahani yenu. Nataka musimame mbele ya watu wote munijibu: aliyenifungia mu moshi alibakia kwao. Juu ya nini mimi njo nilitoka kwetu?