London Siku Moja

Kazi yangu miaka ile ya hamsini ilikuwa kupangusa vumbi na kuchemsha chai katika ofisi ya tikiti za ndege, katikati ya Nairobi. Ukutani palikuwa na ramani yenye uzi mwekundu kutoka Nairobi mpaka London, nami niliupangusa kila asubuhi. Vituo nilivijua kwa moyo: Entebe, Khartoum, Kairo, Roma. Siku moja na kitu, mtu ameshafika. Sijawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege, lakini nikienda likizo kwetu magharibi nilijipiga kifua utadhani mimi ndiye rubani. "London ni hapo tu," niliwaambia. "Leo unakunywa chai Nairobi, kesho unakunywa kwao." Baba alikuwa akinisikiliza mdomo wazi.

Jumatatu moja asubuhi ikaja telegramu: baba amefariki. Kwetu, kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Mwingine akimtangulia, ni aibu ya maisha. Na maiti wakati ule haikuwa na pa kuwekwa. Ilizikwa kesho yake, basi.

Ila huondoki kazini bila barua ya ruhusa. Karani akasema mwenye kutia sahihi ni bwana mkubwa peke yake, naye amekwenda uwanja wa ndege kumpokea mamake kutoka London. Nikaenda kwa miguu mpaka kwake Kitisuru, nikangoja langoni. Gari likaja, bibi kizee akashuka, akilalamika jinsi safari ilivyokuwa ndefu. Nilimchukia papo hapo, wala hakuwa amenikosea kitu. Mpishi akaja kuniambia bwana hasumbuliwi wakati mamake anakunywa chai. Chai ikaisha, bibi akalala, na nyumba nzima ikaamriwa kunyamaza, pamoja na mimi niliyekuwa nje ya ua.

Sahihi niliipata jioni. Bwana alinipa pole, na nadhani ilimtoka moyoni. Akauliza kwetu ni mbali kiasi gani.

"Ni hapa hapa Kenya, bwana," nikamjibu.

Garimoshi lilikuwa limeshaondoka. Nikapanda la kesho yake, daraja la tatu, likatambaa likisimama kila penye nyumba mbili. Niliposhuka nikapanda basi, nalo likakwama matopeni. Iliyobaki nikaimaliza kwa miguu.

Nilifika Alhamisi. Udongo wa kwanza ulikuwa umetupwa na mdogo wangu, naye hakunitazama usoni. Mama hakunifokea. Heri angenifokea. Alinisimulia kwamba Jumanne aliwazuia wazee wasizike, asubuhi, adhuhuri, mpaka watu wakaanza kuziba pua. Aliwaambia mwanawe mwenyewe alisema London ni siku moja, kwa hiyo kutoka Nairobi atafika kabla ya chai.

Akaikunja na kuikunjua leso yake.

"Niambie tu, baba," akasema. "Ulikuwa hutaki kuja?"