Faustin Alipola

Mado hakuwa na ushuhuda. Katika kanisa lao dogo la Kasungami, lile la mabati mekundu nyuma ya bustani za mboga, hilo lilikuwa jambo la aibu kidogo, kama kwenda harusini mikono mitupu. Kila Jumapili, kati ya kwaya na mahubiri, mtu mmoja alisimama mbele, akasema "Bwana asifiwe", akaitikiwa "Amina", kisha akaeleza alivyotendewa. Mmoja alipata mtoto baada ya miaka tisa. Mwingine alipata kazi mgodini bila kujuana na mtu yeyote, na wote walikubaliana kimoyomoyo kuwa huo ulikuwa muujiza mkubwa kuliko ule wa mtoto. Mado alikaa benchi la nne, akapiga makofi, akafurahi nao kweli. Yeye kazi yake ilikuwa kuuza samaki wakavu wa ziwani Pweto sokoni. Huwezi kusimama mbele ya kanisa na kutangaza kwamba samaki mkavu hakuoza.

Mwaka huu Mchungaji Kapya alikuja na mpango. Mchungaji Kapya ni mtu mwema, na ni vizuri tuliseme mapema, kabla hajaanza kutenda. Alitangaza kuwa huu ni Mwaka wa Ushuhuda: kila nyumba itapewa Jumapili yake, na hakuna kuruka. Nyumba ya Mado iliruka mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na kikohozi. Mara ya pili gari la samaki lilichelewa. Mara ya tatu alikaa tu akitazama viatu vyake, mpaka kwaya ikamwonea huruma ikaanzisha wimbo mwingine.

Ushuhuda uliokuwa unangojewa kwake kila mtu aliujua. Mumewe, Faustin, alikuwa dereva wa lori. Miaka mitatu iliyopita lori lilipinduka karibu na Kasomeno likiwa na shehena ya mahindi, na tangu siku ile miguu yake haikumtii tena. Kanisa lilifunga na kuomba. Kisha kundi la maombi likaja nyumbani, watu wanane wenye imani na wawili wenye nguvu. Wakamshika mikono, wakamwinua kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, wakamwamuru asimame kwa jina la Yesu, wakamwachia. Alisimama kwa muda wa Amina moja. Alipoanguka alivunjika jino la mbele.

Kabla ya hapo Faustin alikuwa mtu wa utani, wa kuimba kwenye usukani. Baada ya hapo alianza kutupa sahani. Alizitupa ukutani, alizitupa mlangoni, na mara moja alimtupia jogoo wa jirani, ambaye kwa haki kabisa hakuwa na kosa. Sahani za kuvunjika zilipokwisha, Mado alinunua nne za plastiki, za kijani. Hizo zilirudi kutoka ukutani zikiwa nzima, jambo ambalo lilimkasirisha Faustin zaidi. Na alitoa amri kwamba mtu wa kanisa asikanyage uani kwake.

"Akiingia hata mumoja," alisema, "miye najua yenye nitamufanya."

Hakuna aliyeingia ili kujua.

Mado aliomba. Hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti wala kwa maneno mengi. Aliomba akitembea na beseni kichwani, asubuhi akienda sokoni na jioni akirudi. "Mungu, leo tena." Sala yake yote ndiyo hiyo. Mwaka wa kwanza ndani ya sala hiyo alikuwa anaomba miguu. Mwaka wa pili aliomba miguu na amani. Mwaka wa tatu aliiacha miguu akaomba amani tu, na aliona haya, kama mteja aliyefika akitaka samaki mzima akaishia kuulizia kichwa. Lakini jioni, akiwa ameshika kitasa cha mlango bila kujua ndani kuna hali gani, aliyasema yale maneno matatu, akaweza kukizungusha. Kila jioni, miaka mitatu. Hata hilo hakuliona kuwa ushuhuda.

Wiki tano kabla ya Jumapili tunayoizungumzia, Faustin aliamka, akamgeukia, akasema:

"Ulilala muzuri?"

Mado alikuwa na ndoo mkononi. Aliiweka chini. Alijibu kwamba alilala vizuri, ingawa hakuwa amelala. Kesho yake Faustin akauliza tena. Siku ya tatu aliomba apewe ungo achague fretin, wale samaki wadogo wanaofika na mchanga wa ziwa ndani yao, na akawachagua vizuri kuliko Mado mwenyewe, kwa jicho la mtu aliyezoea kuyaona mashimo ya barabara kwa mbali. Hakueleza kilichotokea. Mado hakuuliza, akiogopa kwamba swali lingemkumbusha hasira zake.

Neno lenyewe lilisemwa kwanza na Rehema. Rehema ni fundi wa kushona, jirani wa ukuta mmoja, wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema enzi za babu yake. Kwa hiyo hakuwa na zamu ya ushuhuda, na alimhurumia Mado aliyekuwa nayo.

"Dada Mado, bwana yako alipola siku hizi," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Sisikie tena sahani ku ukuta."

"Alipola. Lakini miye naogopa kuisema."

"Juu ya nini? Chai ikipola, unaogopaka kusema ilipola?"

Mado alilifikiria hilo siku nzima, mbele ya samaki wake. Kabla ya hapo, lazima tuseme ukweli, alishawahi kupanga uongo mdogo: angesimama aseme kidole cha mguu wa Faustin kilicheza, kidole kimoja tu, kile kidogo. Sasa hakuhitaji kidole. Alikuwa na kitu chake cha kweli, na Jumapili ilikuwa ya nyumba yake.

Jumapili hiyo alimwacha Faustin uani na ungo magotini. Hakumwambia anakwenda kusema nini. Zamu ilipofika alisimama mbele.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Miye niko Mado, bibi ya Faustin. Munajua yote yenye tulipita. Bandugu, Faustin alipola."

Alikusudia kuendelea. Alikuwa na sentensi nyingine tatu, alizozipanga njiani. Hazikupata nafasi ya kutoka.

Katika Kiswahili cha mitaa yetu, kupola ni kile ambacho bukari, yaani ugali, hufanya ukiiacha bila kifuniko. Mtu mwenye hasira naye hupola. Lakini benchi la kwanza alikaa Mama Chama, mama wa kanisa zima, mwenye miaka sabini na minane. Mama Chama alizaliwa upande wa Kasenga, lugha yake ya kwanza ni Kibemba, na katika Kibemba kupola ni kupona ugonjwa. Nusu ya kanisa ilitoka upande huohuo. Nusu nyingine ilijua Kiswahili vizuri sana, lakini nayo ilikuwa imengoja miaka mitatu.

Mama Chama alipiga kigelegele ambacho hakuna aliyejua kuwa bado anacho. Akageukia watu na fimbo yake juu.

"Alipola! Faustin alipola!"

Ngoma ikaanza bila kuamriwa. Mado alinyanyua mikono yote miwili ili kuwasimamisha, na watu walipoona mama huyo mkimya amenyanyua mikono, wakafurahi zaidi. Mchungaji Kapya alikuwa analia waziwazi. Yeye alikuwa mmoja wa wale wawili wenye nguvu, na lile jino lilikuwa limemkaa moyoni muda wote huo.

"Twende tumuone!" alisema. Mahubiri yakaahirishwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kanisa lijengwe.

"Pasteur, sikiliza kwanza. Miguu..."

"Ndiyo, mama! Miguu! Asifiwe!"

Wakamweka mbele. Kwa hiyo ni Mado mwenyewe aliyeongoza watu arobaini na kwaya yao kwenda kwenye ua waliokatazwa. Aliogopa kweli. Hakuogopa aibu, aibu angeizoea. Aliogopa kwamba Faustin angewaona wale wale waliomvunja jino wanaingia wakiimba, na kesho asubuhi asingemuuliza kama alilala vizuri. Wiki tano za amani ndizo alizokuwa nazo duniani. "Mungu, leo tena," alisema, na hakuna aliyemsikia kwa sababu ya ngoma.

Karibu na nyumba Rehema alitoka mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni.

"Kuko nini?"

"Faustin alipola!" wakamjibu wote.

"Najua," akasema Rehema. "Iko sasa wiki tano."

Msafara ulisimama. Hata jirani Mwislamu alikuwa shahidi, na tena wa muda mrefu. Wakaimba kwa nguvu mara mbili ya mwanzo, wakaingia.

Faustin alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, ungo magotini, miguu mahali ilipokuwa asubuhi. Wimbo ulikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Mwimbaji mmoja wa besi, aliyekuwa bado njiani na haoni kitu, aliendelea peke yake ubeti mzima.

Mado akasimama kati ya mumewe na kanisa. Alitumia sauti yake ya sokoni, ambayo kanisa lilikuwa halijawahi kuisikia.

"Miguu haikupona. Sikusema ilipona, nilisema alipola! Hatukane tena, hatupe tena sahani. Kila asubuhi ananiuliza kama nililala muzuri. Hiyo njo ushuhuda yangu. Kama iko kidogo, munisamehe."

Hakuna aliyesema Amina. Mado aligeuka akaona mkono wa Faustin umeushika ukingo wa ungo, vidole vimekaza. Mshiko huo aliujua. Alianza kuwaaga wale samaki kimoyomoyo.

Mama Chama hasikii vizuri, na hotuba yote ilimpita. Alisogea na fimbo yake mpaka kwenye kiti, akainama, akamtazama Faustin usoni kwa karibu.

"Mwana wangu, banasema ulipola. Njo kweli?"

Faustin alizaliwa na mama wa Kasomeno, upande huohuo wa Kibemba. Lugha zote mbili alikuwa nazo. Alielewa vizuri kabisa bibi huyu alikuwa anamuuliza nini, na alielewa pia mkewe alikwenda kumsemea nini mbele ya watu, na kwamba huko alikokwenda hakusema uongo. Kisha vidole vikalegea.

"Nilipola, mama," alisema.

Mama Chama akatazama chini. "Na miguu?"

"Miguu bado. Miye njo nilipola."

Mama Chama alilipima jibu hilo, akaliona linatosha. "Amina," akasema, na nyuma yake watu wakaitikia Amina, taratibu, kila mmoja na ya kwake. Mchungaji Kapya akasogea akikunja kofia mikononi.

"Papa Faustin, ile jino..."

"Pasteur, ile jino ilishaenda. Kaa." Kisha akamgeukia mkewe. "Mado, bukari iko?"

Bukari ilikuwa ya watu wawili. Akina mama waliingia jikoni, unga ukapatikana kwa majirani, na fretin walikuwepo tayari, wamechaguliwa. Shida ilikuwa sahani. Nyumba ile ilikuwa na nne. Rehema akapitisha zake juu ya ukuta, zile za kauri zenye maua alizopewa siku ya ndoa yake.

"Iko kumi na mbili," alisema. Kisha akabaki palepale ukutani, na fungu lake akaletewa huko.

Mado alimwekea Faustin chakula kwenye sahani ya kijani, kama kila siku. Faustin aliitazama, hakuipokea.

"Nipe ile yenye inavunjikaka."

Wageni waliendelea kula na kuongea. Hawakujua habari za sahani. Rehema alijua, na pale ukutani aliacha kutafuna. Mado alisimama na sahani ya jirani mkononi, nyepesi, yenye maua ya bluu ukingoni, na aliona kwamba kuomba kulikuwa rahisi kuliko hiki anachoombwa. Kisha akampa.

Faustin alikula bila haraka. Alimaliza mboga, akapangusa mchuzi kwa tonge la mwisho, akamrudishia mkewe sahani kwa mikono miwili. Mado akaipokea naye kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka mbele ya kanisa zima. Alikuwa na furaha na hakuona sababu ya kuificha.

"Ulikula muzuri?" alimuuliza.

"Muzuri."

Mchana huohuo, watu walipokwisha kuondoka, Mado aliosha sahani za Rehema, akazifuta moja moja, akazipitisha tena juu ya ukuta. Rehema alizihesabu. Zilikuwa kumi na mbili.