Mawe Matatu ya Dada

Harufu ya chaki iliyolowa hunirudisha kwenye nyumba yetu ya mbao mtaani Ndosho, mchana ule dada yangu alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa fizikia. Alikuwa ameniwekea sakafuni mawe matatu meusi ya volkano, na kati yake amechora mishale kwa chaki aliyoilowesha.

"Kila jiwe inavuta ingine," aliniambia, "na ile ingine inaivuta na nguvu ile ile. Ukijumulisha zote, inatoka zero. Yenyewe kwa yenyewe haiwezi kusogeza kundi yote."

"Sasa nani anaweza kuisogeza?"

"Mutu wa inje."

Kabla sijaelewa, mlango ulivunjwa kwa teke. Wanaume watatu wenye bunduki walimkaba papa, baba yetu, shingoni wakaanza kumburuta. Mama alimkumbatia kiunoni, dada akamshika mkono, mimi nikang'ang'ania mguu wake. Kitako cha bunduki kikampasua mama paji la uso, na damu yake ikanidondokea mdomoni, ya moto, yenye chumvi. Hatukumwachia. Ndipo mmoja wao akakoki bunduki na kumwelekezea dada.

"Muniache," papa alituambia.

"Hapana, papa!" dada alilia.

Akaanza kutubandua yeye mwenyewe. Alimsukuma mama, akamtupa dada ukutani, kisha akainama kwangu na kunitoa kidole kimoja kimoja kwenye suruali yake. Cha mwisho kilikataa. Alikikunja kwa nyuma mpaka kikatoa mlio, nami nikaachia nikipiga kelele.

Alitoka nao bila kugeuka. Sisi watatu tukabaki pale sakafuni, hai.