Pambizo Nilizozifuta

Siku hiyo, katika nyumba ile chini ya mlima Wanale, mjini Mbale, tulikuwa wanne: Mwalimu, mke wake, mdogo wangu aliyekuwa kidato cha sita, na mimi. Ukimhesabu na mhakiki Mwingereza, ambaye Mwalimu alimtaja kana kwamba ametoka tu kunawa mikono, tulikuwa watano.

Nilitoka Jinja asubuhi na samaki wa kukaushwa kapuni na kitabu nimekifunga kwa kitambaa. Kitabu kilikuwa cha Mwalimu, na aliyekiandika ndiye huyo mhakiki. Mwalimu alikaa darasani mwa mhakiki huyo huko Uingereza akiwa kijana, na tangu arudi alifundisha kwa njia yake: usiulize kwanza nani katunga shairi, wala watu wanalisifu vipi, soma neno lililo mbele yako, ujiulize kwa nini ni hilo na si jingine. Mdogo wangu aliileta njia hiyo hadi nyumbani kwetu Mpumudde, pale Jinja, hata barua ya shangazi ikasomwa hivyo.

"Dada, ameandika 'tukijaliwa'. Huyu haji."

Na kweli hakuja.

Kitabu hakikupatikana madukani, Jinja wala Mbale. Mwalimu alimwazima mdogo wangu likizo nzima, akasema kikirudi salama atamwachia tena mpaka mtihani.

Hilo la salama lilinikaa kichwani. Mimi niliacha shule kidato cha pili, wazazi walipofariki, nikawa dobi wa sare za askari magereza. Shuleni kwetu, kuandika kitabuni kulimletea mtu fimbo. Kwa hiyo nilipokifungua nikakuta penseli imejaa pembeni mwa kila ukurasa, nilijua ni mdogo wangu. Sikumgombeza. Nilitaka kumkinga na aibu.

Siku tatu, nikisubiri pasi ya mkaa ipate moto, nilifuta kwa raba, na pale pagumu kwa kitonge cha mkate. Kurasa zilizojikunja nikazipiga pasi juu ya kitambaa. Sijawahi kujivunia kazi kama ile.

Nilipomkabidhi, Mwalimu alifunua ukurasa mmoja, akafunua mwingine, akaenda nacho dirishani. Mdogo wangu alichungulia, akashika kichwa.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimekisafisha. Ulikuwa umekichafua."

"Si mimi! Yale yalikuwa ya Mwalimu!"

Ndipo nikaambiwa. Penseli ile ilikuwa miaka yake yote ya kufundisha. Nyingine ilikuwa ya darasani kule Uingereza, mahali ambapo mhakiki alikiri mbele ya wanafunzi kwamba amekosea katika kitabu chake mwenyewe. Hayakuandikwa kwingine popote.

Mke wa Mwalimu alizaliwa Kenya, na Kiswahili cha nyumba ile kilikuwa chake. Aliuangalia ukurasa, akasema, "Amekinyoosha kama kaptula ya afande. Kimekosa wanga tu."

Hakuna aliyecheka. Nilipiga magoti.

"Mwalimu, kosa ni langu. Yeye mwache asome."

Akaniuliza, "Ulikuwa unasoma ulichofuta?"

"Ilibidi, Mwalimu. Nisije nikafuta na cha kitabu."

"Unakumbuka nini?"

Nikamwambia la shairi la mazishi. Mhakiki alilisifu kwa utulivu wake. Pembeni, penseli ilisema: huyu hajawahi kuosha maiti.

"Hilo nilikaa nalo kutwa," nikasema, "kwa sababu mimi nimeosha. Lakini sikukubali. Ukiosha unatulia, Mwalimu. Mikono ina kazi. Kilio kinakuja baadaye, ukikuta viatu vyake mlangoni."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Viatu vile alivijua.

Mwalimu alirudi kwenye kiti, akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika. "Miaka yote hii nabishana na yule mzee, kumbe ana wakili Jinja!"

Akachomoa penseli mfukoni. "Andika hilo, pale pale. Kisha ondokeni na kitabu. Mdogo wako asomee mtihani. Akimaliza, wewe unijazie pambizo zangu. Unayoyakumbuka yaandike. Usiyoyakumbuka, andika unavyoona wewe. Kila ukurasa."

"Mwalimu, mimi niliishia kidato cha pili."

"Nimekuuliza?"

Mdogo wangu alifaulu. Leo anafundisha fasihi kwa njia ile ile, na wanafunzi wake hawajui kwamba inatoka kwa Mwingereza ambaye hawajamsikia kamwe. Mimi huandika nikisubiri pasi ipate moto. Kila nilipokwenda Mbale nilikibeba kitabu, Mwalimu akasoma, akanijibu kwa penseli chini ya yangu, mara nyingi kwa ukali.

Siku hizi macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo namsomea. Sura mbili za mwisho bado nyeupe. Mke wake akileta chai huuliza, "Dobi, umebakiza kurasa ngapi?"

Namjibu, "Bado, mama. Bado nadaiwa."