Mifereji ya Kopenhagen

Wiki hii nilikuwa ofisi ya viza hapa Olaya, huku ughaibuni, nimekumbatia ratiba yangu ya siku tatu za kutembea Kopenhagen: makumbusho asubuhi, mashua mchana, na picha ya mji juu ya karatasi. Kando yangu aliketi dada Mkenya, mfanyakazi wa nyumbani. Pasipoti yake alikuwa nayo madam, mwajiri wake, pamoja na za familia nzima.

"Kaka, hapo kwa picha ndiyo huko tunaenda?"

"Ndiko. Utapapenda. Mji mzima una mifereji."

"Na hiyo mifereji iko na ukuta?"

Nikamweleza habari za mashua. Akanikatiza.

"Mimi nimeuliza ukuta. Niko na watoto watatu wa madam, na huyo mdogo hashikiki."

Wakaitwa dirishani, yeye na madam. Karani akamuuliza dada anakwenda kufanya nini.

"Utalii," madam akamjibia.

Dada akaitikia kwa kichwa, huku macho yamegeukia karatasi yangu.

Kwa hiyo fomu zetu zinafanana, watalii wawili. Nilipofika nyumbani niliikagua ile picha, ukingo kwa ukingo. Ukuta hakuna.